Ngoma Isisubiri Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi akitarajiwa saa tatu asubuhi, vijana wa ngoma huwa uwanjani tangu saa moja. Nyasi kavu huwashwa pembeni, ngozi za ngoma hugeuzwageuzwa juu ya ulimi wa moto mpaka zikaze. Mpigaji hugonga kwa ncha ya vidole, husikiliza kama sauti imepanda, na asiporidhika huirudisha motoni. Wenzake hufunga njuga miguuni. Msafara huweza kuingia saa tano, au hata saa saba. Ngoma hulia dakika kumi, mgeni hutabasamu, hucheza hatua mbili tatu mbele ya kamera, kisha hotuba huanza. Vijana hugawiwa soda, ngoma hurudishwa stoo, na kufuli hufungwa mpaka Mwenge wa Uhuru upite tena.

Hiyo ndiyo sanaa ya hadharani wanayoifahamu vijana wengi wa vijijini Tanzania, na Uyui haiko mbali na hali hiyo. Kupata ngoma ya kumchezea kiongozi si tabu. Tabu ni kupata ngoma ya kujifunzia siku ya Jumanne ambayo hakuna anayekuja.

Isikizya, kaskazini mwa mji wa Tabora, ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui. Wilaya hii imeizunguka Manispaa ya Tabora, na kwa miaka mingi hata ofisi zake zilikuwa mjini humo. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi wake 396,623, na tangu hapo mkoa mzima umefurika: kutoka watu 2,291,623 mwaka huo hadi 3,391,679 mwaka 2022. Kitaifa, sensa hiyo ya 2022 ilionyesha kwamba wenye umri wa miaka 15 hadi 35, ambao Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inawaita vijana, ni asilimia 34.5 ya Watanzania wote. Kwa hiyo anayepanga mambo ya utamaduni katika mkoa wa tumbaku, asali na ng'ombe anapanga mambo ya umati wa vijana, atake asitake.

Sasa tazama mpaka wa manispaa. Ndani yake kuna maktaba ya mkoa, vituo vya redio, studio za kurekodia, kumbi za harusi zenye spika za kutikisa kuta, Boma la Wajerumani, shule kongwe, na karibu na hapo tembe la Kwihara alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Kijana wa mjini akiamua leo kwamba anataka kusoma riwaya au kurekodi wimbo, atakwenda kwa miguu au kwa bodaboda. Wa Uyui atahitaji nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula cha mchana, na mzazi atakayekubali kwamba safari hiyo si uzururaji. Hilo la mzazi lina uzito kuliko nauli.

Kinachoudhi ni kwamba eneo hili halikuwa pembezoni mwa utamaduni hata siku moja. Karne ya 19 njia kuu ya misafara ya pembe na watumwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na kuendelea hadi Ujiji, kiasi cha kilomita 1,200. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita kwa maelfu, mizigo mabegani na nyimbo mdomoni, na walichojifunza Pwani walirudi nacho kwao. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, huko huko Unyanyembe, mwezi Novemba 1857, aliandika jinsi kirangozi alivyotangulia msafara akiwa na joho jekundu na manyoya kichwani, huku mpiga ngoma akimfuata nyuma. Msafara uliingia mjini kwa shangwe, na watu walitoka majumbani kuutazama. Ni kweli pia kwamba katika misafara hiyo walikuwamo waliofungwa minyororo, na hakuna haja ya kuipaka njia hiyo sukari. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka kwenye orodha yake ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia chini ya UNESCO, na Kwihara imo.

Mwanzoni mwa njia hiyo, kule Bagamoyo, ndiko kilipo leo chuo cha sanaa cha serikali. Kilianza 1981 baada ya kuvunjwa kwa kikundi cha taifa cha ngoma, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Kijana wa Isikizya anayetaka kusomea uchezaji au uigizaji sharti aifuate njia ile ile ya wapagazi hadi baharini. Wapagazi walau walilipwa ujira.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, muziki nao ulipanda garimoshi. Mji ukawa njia panda ya Kigoma, Mwanza na Dar es Salaam, na baada ya miongo michache ukawa na bendi za kuhesabika nchini: Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ambayo baadaye iliongozwa na Shem Karenga. Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ilibeba jina la magharibi kwa sababu chimbuko la waanzilishi wake lilikuwa huku. Mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alitoka Nzega. Kwa upande wa ngoma, Mzee Mwinamila na kikundi chake cha Hiari ya Moyo walivuma kutoka Tabora hadi kwenye majukwaa ya chama na serikali.

Shule nazo zilikuwa na sehemu yake. Tabora School, iliyofunguliwa miaka ya 1920, ilimpokea Julius Nyerere mwaka 1937. Ndiye aliyekuja kuitafsiri tamthiliya ya Shakespeare akaiita Juliasi Kaizari. Rashidi Kawawa naye alisoma Tabora, na miaka ya 1950 alikuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Kiswahili ya Muhogo Mchungu kabla siasa haijamchukua. Mtafsiri wa Shakespeare na nyota wa sinema, wote wawili wakawa mawaziri wakuu! Lakini shule hiyo ilichuja. Ilichukua wavulana wachache kutoka nchi nzima, ikawapa vitabu na mijadala, na waliobaki walirudi kuchunga. Sifa za Tabora zikisimuliwa leo, idadi ya waliobaki nje ya lango husahaulika.

Uhuru ulileta ahadi nyingine. Desemba 10, 1962, Nyerere alipohutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri mpya, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua kucheza rumba na chachacha kuliko gombesugu, kiduo au lelemama. Utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja tangu siku ya kwanza, na hilo halikuwa jambo la bahati. Baadaye zilifuata taasisi na nyaraka: Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kwa sheria ya 1984, Sera ya Utamaduni ya 1997, mifuko ya kusaidia wasanii. Karatasi hazijawahi kupungua.

Ukitaka kujua ahadi imefika wapi, ingia darasani. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi, na kwa sekondari mkondo wa amali umefungua mlango wa sanaa bunifu. Ni hatua kubwa, na walioipigania wanastahili shukrani. Ila mwalimu mmoja anayefundisha madarasa matatu, ambaye chuoni hakufundishwa kuchora wala kusoma nota, atafanya nini na kipindi hicho? Atawatoa watoto nje wacheze mpira. Na mtihani ukikaribia, kipindi kitamezwa na Hisabati bila mtu kulalamika. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo, lakini chuo kimoja hakiwezi kuzijaza shule za Kanda ya Ziwa na za Magharibi kwa pamoja.

Kuna pia mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambako kwaya na ngoma hushindanishwa sambamba na riadha na soka. Mashindano haya yameibua vipaji, hakuna ubishi. Lakini mashindano ni chujio: shule hutoa kikundi kimoja, kata hutoa kimoja, wilaya hutoa kimoja, na kila hatua wengi hurudi nyumbani. Kijana wa kawaida, asiye na sauti ya kuwashinda wenzake wala mwili wa kuruka juu, hana nafasi humo. Na yeye ndiye wa kupimia. Mtoto mwenye kipaji kikubwa mara nyingi hupata mtu wa kumshika mkono. Anayehitaji mpango wa serikali ni yule anayependa tu kuimba.

Yule anayependa tu kuimba, kwa sasa, amepokelewa na dini. Jioni za wiki, katika vijiji vingi vya mkoa huu, utasikia sauti nne zikitafutana kanisani: mwalimu wa kwaya anaimba mstari wa besi, wanaume wanaurudia, anaukatisha, anauimba tena polepole huku akipima kwa mkono, kisha anawageukia wenye sauti ya tatu wanaonong'onezana. Nota zimeandikwa ubaoni kwa herufi za do, re, mi. Hakuna anayelipa ada. Katika madrasa vijana hujifunza kaswida na kupiga dufu kwa ajili ya Maulidi, nako bila ada. Ukihesabu saa za mafunzo zinazotolewa, kwaya na madrasa ndizo shule kubwa za sanaa za magharibi mwa Tanzania, na halmashauri haitoi hata senti moja.

Mfano usiosahaulika ni Ulyankulu, wilayani Kaliua. Makazi hayo yalifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, na yalipimwa kwa barabara zilizopewa namba. Kutoka kwenye moja ya barabara hizo ikazaliwa kwaya ya Barabara ya 13, ambayo kaseti zake zilisikika kwenye mabasi na majiko ya nchi nzima. Vijana hao hawakuwa na ukumbi wala mfuko wa utamaduni. Walikuwa na mwalimu, mahali pa kukutania na ratiba isiyobadilika. Mambo hayo matatu ndiyo yanayopungua kwingineko, na hakuna hata moja kati yake ambalo ni ghali.

Hata hivyo, kanisa na msikiti vina milango yao. Asiye muumini, au aliyegombana na viongozi, au anayetaka kuchora badala ya kuimba, atabaki nje. Msichana naye ana kizingiti chake. Mazoezi hufanyika jioni, saa ile ile ya kuteka maji na kuinjika chungu, na giza likiingia mama humwita nyumbani kabla mwalimu hajamaliza. Mpango wowote unaoweka mazoezi saa kumi na mbili jioni ni mpango wa wavulana, hata kama bango lake limeandikwa "vijana wote".

Na "wote" ni neno pana. Tabora ina historia ya kipekee hapa: shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa mjini humo mwaka 1963 na Kanisa Katoliki. Kijana kiziwi hupokea mdundo wa ngoma kubwa kwa nyayo na kifua, na huigiza kwa mikono na uso. Sanaa za maonyesho zinamfaa pengine kuliko somo lolote lingine. Ni nadra kumwona jukwaani akiwa mchezaji. Mara nyingi huonekana pale anapokabidhiwa msaada.

Nchi tajiri zimejaribu njia yao. Mwaka 2021 Ufaransa ilianza kumpa kila kijana anayetimiza miaka 18 euro 300 kupitia programu ya simu, anunue vitabu, tiketi za sinema, matamasha au vyombo vya muziki. Italia ilitangulia mwaka 2016 kwa euro 500. Fedha zilitumika, maduka ya vitabu yakafurahi, hasa kwa vibonzo vya Kijapani. Lakini vijana walio nje ya shule waliutumia mpango wa Ufaransa kwa uchache kuliko wenzao, na mwaka 2025 serikali ilipunguza kiwango cha mwenye miaka 18 hadi euro 150. Hundi ya namna hiyo inamfaa aliye karibu na duka la vitabu na ukumbi wa tamasha. Ukimpa kijana wa Uyui hundi hiyo leo, ataishia kununua bando la intaneti, na hatakuwa na kosa lolote.

Karibu zaidi, mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, pembeni mwa jalala la Dandora, mpango wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha watoto fidla, tarumbeta na klarineti tangu 2008. Ulianzishwa na Elizabeth Njoroge, na sehemu ya fedha zake imetoka kwenye matamasha ya jazi ya kampuni ya simu ya Safaricom. Cha kujifunza kutoka Korogocho ni kwamba vyombo viliwafuata watoto walipo, na waliokwisha kujifunza wakaanza kuwafundisha wadogo zao. Kuhusu fidla zenyewe, huenda Uyui isizihitaji. Kuna ngoma, manyanga na njuga, na mafundi wa kuviwamba na kuvitengeneza bado wapo hai.

Lakini somo zuri kuliko yote liko kwa majirani Wasukuma. Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alijenga kituo cha utamaduni ambacho leo ni Makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, baada ya sikukuu ya Ekaristi, hufanyika tamasha la Bulabo, na makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Utaratibu wa mashindano ya kale ni mtamu: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa. Hakuna jaji mwenye kalamu wala tiketi mlangoni. Mtazamaji huhukumu kwa miguu yake, akichoshwa na huku anahamia kule, na kijana aliye pembeni asiyecheza naye ana sehemu katika matokeo. Wakati wa mashindano haya ni kiangazi, mavuno yakiwa yameingia ndani, si wakati wa palizi. Waliopanga kalenda hiyo waliwajua wakulima.

Uyui haihitaji kuiga Bulabo yenyewe; inatosha kuchukua somo lake. Baraza la Madiwani likitaka, linaweza kuanza na kidogo kinachoeleweka: kila kata iwe na seti moja ya ngoma ambayo ufunguo wake uko kwa vijana na mwalimu wao, badala ya kuwa kwa mtendaji, fundi mmoja au mzee wa ngoma alipwe posho kwa siku mbili za wiki, mazoezi yawe mchana wa Jumamosi ili wasichana wayafikie, na sanduku la vitabu vya hadithi na tamthiliya lizunguke shuleni. Gari la halmashauri linalokwenda mjini na kurudi tupu linaweza kuwapeleka wanafunzi Kwihara, wakaone kwa macho yao kile wanachokariri kwenye daftari la Historia. Yote hayo hayahitaji jengo jipya. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba ukumbi wa kisasa wenye viti vya kukunja, uliojengwa Isikizya na kufunguliwa mara mbili kwa mwaka, utamsaidia mkandarasi kuliko kijana wa kata ya mbali.

Njia za fedha zipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa mwaka 2023 ukarejeshwa 2024. Kikundi cha ngoma kinachokodishwa kwenye harusi, au vijana wenye turubai, spika na kamera, ni biashara kama ufugaji wa kuku, na kinaweza kuomba. Mkopo, hata hivyo, hurejeshwa, na mtoto wa darasa la nne hawezi kukopa ili ajifunze kuchora. Kwa huyo inahitajika bajeti ya kawaida, kwenye kasma ya Kitengo cha Utamaduni, Sanaa na Michezo ambacho kila halmashauri inacho. Kasma hiyo ikiachwa ibebe mapokezi ya viongozi tu, basi wilaya imechagua, na ichukue lawama zake.

Bajeti ya halmashauri huanzia chini. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, mapendekezo yake hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata na baadaye kwa madiwani, kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Barabara, zahanati na madawati hutajwa kila mwaka kwa sababu watu wazima huhudhuria na kuyataja. Vijana wa Uyui wanaotaka ngoma, vitabu na mwalimu wa sanaa waende kwenye mkutano ujao wa kijiji chao, wanyooshe mkono, na wahakikishe ombi lao limeandikwa kwenye muhtasari kabla mwenyekiti hajaufunga.